Sale ni ya kartie nzima, lakini ngazi za mlango ndizo zinachagua nani aingie

Mashariki mwa Kongo, sale moja inafanya kazi ya nyumba kumi. Iwe ya parokia, ya shule ao ya kartie, ni mulemule mama wa AVEC wanahesabu akiba yao, wauguzi wanapanga meza siku ya chanjo, na shefu wa kartie anaita wakaaji kuzungumzia usalama, maji na taka. Kukiwa na msaada kwa waliokimbia vita, orodha ya majina inasomewa pale. Mwaka wa uchaguzi, watu wanapigia kura pale. Jumamosi ni arusi, na kesho yake inaweza kuwa kilio.

Karibu kila sale ya namna hiyo ina ngazi tatu ao nne mbele ya mlango. Mwenye miguu mizima hazioni hata kidogo. Lakini kwa mtu anayetembea kwa kigari cha magurudumu, kwa magongo ao kwa mikono chini, mkutano unaishia pale. Anabaki kwenye uwanja, anasikia makofi ndani, kisha anauliza wanaotoka: wamesema nini? Akibahatika, atapata mtu wa kumueleza kwa ufupi. Jina lake kwenye orodha ya msaada linategemea kama kuna mtu ndani aliyekumbuka kulitaja.

Ngazi zenyewe hazikuwekwa kwa ubaya. Goma imekaa juu ya mawe ya volkeno. Nyiragongo ilimwaga moto katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na ikatoka tena tarehe 22 Mei 2021. Udongo wa pale ni mawe matupu yasiyo sawa, basi fundi anainua msingi ili apate sakafu iliyolala vizuri. Bukavu ni milima na mabonde, nyumba nyingi zinaning'inia kwenye mteremko. Uvira nako, ambako mafuriko ya Aprili 2020 yalibeba nyumba nyingi, mwenye akili anajenga sakafu juu. Kuinua sakafu ni busara. Kosa ni kusahau njia ingine ya kufika pale juu.

"Tutamubeba tu"

Ukiuliza kamati nyingi za sale, jibu la kwanza ni hili: "Hapa kwetu hakuna walemavu, hatujawahi kuwaona kwenye mkutano." Ni kweli hawajawaona, ju ngazi ziko pale tangu sale ilipojengwa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba watu karibu 16 kwa 100 duniani wanaishi na ulemavu wa namna fulani. Hapa kwetu kuna pia walioumizwa na risasi na mabomu katika vita vya miaka mingi, walioshikwa na polio wakiwa watoto, waliovunjika kwenye ajali ya moto na mfupa ukaungwa vibaya, pamoja na wazee wenye macho na magoti yaliyochoka. Kartie isiyo na hata mmoja wao haipo.

Jibu la pili linasemwa kwa moyo mzuri: "Akikuja, tutamubeba tu, vijana wako." Hili ndilo jibu linalohitaji kuangaliwa kwa makini, ju linafanana na msaada.

Mtu anayebebwa hachagui saa yake ya kuingia wala ya kutoka. Anangoja vijana wafike. Mkutano ukiisha na vijana wakakimbilia soda, anabaki ameketi kwenye sale tupu. Akitaka kwenda choo katikati ya mkutano, lazima watu wote wajue. Mama mtu mzima anashikwa na vijana wawili chini ya mapaja mbele ya wakwe zake. Mara nyingine atakapoalikwa atasema anaumwa. Tena kuna hatari: simenti iliyolowa na mvua, vijana wanaocheka, kiti kinachoegemea upande mmoja. Anayeanguka kutoka ngazi ya tatu akiwa tayari na mgongo mbovu anaweza kuamka na shida kubwa kuliko ile aliyokuja nayo.

Na kile kigari kinabaki inje. Wanaojua Petite Barrière kati ya Goma na Gisenyi, ao Ruzizi pale Bukavu, wanajua kwamba wafanya biashara wengi wenye ulemavu wanavusha mizigo kwa vigari vya magurudumu matatu vinavyozungushwa kwa mikono. Kigari hicho ni miguu yake, na pia ni duka lake. Kukiacha inje ya sale saa tatu bila mlinzi si jambo dogo.

Sheria iko wazi

Si suala la huruma ya shefu ao ya padri. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 49, inasema kwamba mzee na mtu mwenye ulemavu wana haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yao, na kwamba serikali ina wajibu wa kusukuma mbele uwepo wa watu wenye ulemavu katika taasisi za taifa, za jimbo na za mahali. Hilo neno "za mahali" ni la kukumbukwa hata na kamati ya kartie. Mwaka 2015 Kongo iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kifungu chake cha 9 kinataka vizuizi vitoshwe kwenye majengo, barabara, shule na nyumba za afya, na cha 29 kinataka mahali pa kupigia kura pafikike kwa wote. Kisha ikaja sheria ya kiorgani namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu.

Kwa hiyo kamati inayoandika barua kwa meya, kwa askofu ao kwa shirika la msaada inaweza kutaja karatasi hizi tatu. Barua inayosema "tunaomba mtusaidie" na barua inayotaja kifungu cha 49 hazisomwi kwa njia moja. Lakini yeyote aliyewahi kungoja jibu la barua hapa kwetu anajua pia kwamba kartie inayotaka kuingiza watu wake mwaka huu haiwezi kukaa inangoja tu.

Rampi inavyopimwa

Rampi ni njia ya mteremko iliyolala kando ya ngazi ao badala yake. Kwa macho ni kitu chepesi, ndiyo maana inaharibiwa mara nyingi. Fundi anaangalia ngazi tatu, anamwaga simenti ya mita moja na nusu mbele yake, anasema kazi imeisha. Ile si rampi. Mwenye kiti akijaribu kupanda, kiti kinapinduka nyuma. Akishuka, anafika chini kama jiwe. Ni nzuri kwa kupandisha moto, basi.

Kipimo kinachotumiwa na wajenzi duniani ni 1 kwa 12: kwa kila sentimita moja ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni sentimita 45. Zidisha mara 12, unapata sentimita 540, maana yake mita 5 na sentimita 40. Ngazi nne zinafanya mita 7 na sentimita 20. Na 1 kwa 12 ndiyo mwisho wa ukali. Kama uwanja unaruhusu 1 kwa 20, mtu mwenye mikono dhaifu atapanda peke yake bila kusukumwa, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Watu wakisikia mita 5 wanashtuka: uwanja hautoshi. Lakini rampi hailazimiki kwenda mbele moja kwa moja. Inaweza kulala kando ya ukuta wa sale, ao ikunjwe kona. Pale inapokunjwa pawe na mahali palipolala sawa pa mita 1 na nusu kila upande, ili kiti kigeuke. Pawe na mahali kama hapo juu pia, mbele ya mlango, ju hakuna anayeweza kufungua mlango huku kiti kinarudi nyuma kwenye mteremko. Rampi ikipita mita 9, iwekewe pa kupumzikia katikati.

Upana usipungue mita 1. Mita 1 na sentimita 20 ni nzuri zaidi. Lakini kigari cha mikono cha magurudumu matatu ni kipana kuliko kiti cha hospitali. Dawa yake ni kumuita mwenyewe na kigari chake, kupima kwa metre, na kuandika. Pembeni pawe na ukingo wa sentimita 10 ili gurudumu lisitumbukie, na mahali pa kushikilia kwa mkono, ya chuma ao ya mti mgumu, kwenye sentimita 90 hivi. Wazee ndio wataishika kuliko wote.

Simenti ya juu isilainishwe. Mafundi wetu wanapenda kupiga mwiko mpaka sakafu ing'ae, na kwa sebule ni sawa, lakini kwa rampi katika majira ya mvua ni mtego. Ikiwa bado mbichi, fundi apitishe fagio ngumu kwa kukata njia, ibaki na mistari. Na maji ya mvua yapewe njia yake pembeni, vinginevyo rampi itakuwa mfereji unaopeleka maji mlangoni.

Kwa gharama, sale yenye ngazi tatu haiombi mlima wa feza. Mawe ya kujaza ndani ni kama mita moja na nusu za ujazo, na Goma mawe ndiyo kitu ambacho hakijawahi kukosekana. Kwa tabaka la juu la sentimita 10, kuta fupi za pembeni na pale pa kugeukia, mifuko saba ao nane ya simenti ya kilo 50 inatosha, ukiongeza mchanga na kokoto. Kubeba mawe, kubeba maji na kuchanganya ni kazi ya salongo. Kama watu wanaweza kutoka Jumamosi kuzibua mfereji, wanaweza pia kubeba mawe ya mita moja na nusu. Fundi mmoja mwenye nivo, hata ile ya bomba la maji lenye kuonesha ndani, anashika vipimo.

Jambo moja lisirukwe: kabla ya kumwaga simenti, panga mbao juu ya mawe kwa mteremko uleule, na uwaite watumiaji waje kujaribu. Mtu wa kiti apande na kushuka peke yake, mtu wa magongo vilevile, na mzee mmoja. Wakisema ni kali, ni kali, hata kama fundi ana diploma. Kurefusha mawe siku ile ni saa moja ya kazi. Kuvunja simenti iliyokauka ni ugomvi wa mwaka mzima.

Nyuma ya mlango

Rampi nyingi zilizojengwa kwa sherehe na picha zinaishia kwenye mlango usiopitika. Nafasi ya kupita, mlango ukiwa wazi, isipungue sentimita 80. Milango mingi ya sale ina mbao mbili, na moja imefungwa kwa komeo tangu siku ya uzinduzi. Kuifungua hakugharimu hata franga moja. Kizingiti kinachotokeza zaidi ya sentimita 2 kikatwe ao kijazwe pande zote mbili.

Ndani, benchi zipangwe kwa kuacha njia ya sentimita 90. Mtu wa kiti asiwekwe kwenye mlango kama mlinzi, wala mbele kabisa kama mgeni wa heshima. Itolewe benchi moja fupi katikati ya watu, akae karibu na jirani zake. Na ju wengine wanaingia kwa kutambaa kwa mikono, sakafu ipigwe deki mbele ya mkutano. Kidogo hicho mama wengi wa AVEC wanakijua kuliko mainjinia.

Wasioona wana shida ingine. Madirisha ya chuma yanayofunguka inje kwa urefu wa uso yanawapasua paji, na mifereji isiyofunikwa kwenye uwanja inawangoja. Ukingo wa kila ngazi upakwe rangi nyeupe: asiyeona kabisa haitamsaidia, lakini wenye macho hafifu, ambao ni wengi zaidi, wataona pa kukanyaga. Kwa viziwi, ukubwa wa mlango si kitu. Wao wanataka mwanga kwenye uso wa anayesema, ajenda iandikwe ubaoni, na kama kuna anayejua lugha ya ishara kwenye kartie, aalikwe na apewe nafasi ya kusimama mbele. Kipaza sauti kinachopiga kelele hadi soko la jirani hakimsaidii kiziwi.

Choo ndicho kinachosahauliwa

Mkutano wa saa nne bila choo ni mkutano wa wenye miguu. Wako wanawake wenye ulemavu wanaoacha kunywa maji tangu asubuhi siku ya mkutano, ju wanajua choo cha pale hawatakifikia. Mtu anayejinyima maji kwenye jua la saa sita ili akae kwenye kikao hawezi kusikiliza vizuri, na mwili wake unalipa.

Goma shida ni kubwa zaidi. Mwamba wa volkeno haukubali kuchimbwa, basi vyoo vingi vimejengwa juu ya ardhi na vina ngazi nyingi kuliko sale yenyewe. Kurefusha rampi mpaka kule kunaweza kushinda uwezo wa kartie. Hapo kuna njia mbili za akili: kutafuta choo cha jirani kilicho chini na kukubaliana naye kwa maandishi, ao kujenga chumba kimoja kidogo kwenye usawa wa rampi, ambacho shimo ao ndoo yake inatolewa kwa nyuma. Sale iliyo kwenye udongo laini haina kisingizio hicho.

Ndani ya choo, seremala anatengeneza kiti chenye tundu cha sentimita 45 hadi 50 kwenda juu, kinachowekwa juu ya shimo. Chuma cha kushikilia kifungwe ukutani kwa nguvu, ju mtu atakiegemea kwa uzito wake wote. Mlango ufunguke kwenda inje: mtu akianguka ndani na mlango unafungukia ndani, mwili wake ndio utaufunga. Ndoo ya maji na sabuni viwe chini, pale mkono wa aliyekaa unafika.

Kama feza ni kidogo, wengi wanaanza na rampi ju inaonekana na inapigwa picha. Ni sawa kuanza nayo, lakini kamati iandike tarehe ya choo kwenye PV siku ileile, ju rampi peke yake inamkaribisha mtu kwa saa moja tu. Na kwa mkutano wa wiki ijayo, wakati hata mfuko mmoja wa simenti haujapatikana, kuna njia isiyogharimu: kutosha viti na kukutania uwanjani, chini ya mti ao hema, mpaka kazi iishe.

Nyuma ya kazi kuisha, rampi inakuwa ya watu wengi. Wajawazito wanaipenda, pamoja na wanaoleta spika za arusi na wanaoshusha magunia ya msaada. Wanaobeba sanduku la marehemu hawajikwai tena mlangoni. Vijana wa moto nao wanaigundua haraka: kabla ya wiki mbili, moto tatu zimepaki juu yake na hakuna anayepita. Kwa hiyo PV itaje nani analinda rampi siku za mkutano, nani anasafisha choo, na nani anashika ufunguo. Ufunguo usilale kwa shefu ambaye husafiri. Ukae kwa mtu anayeishi karibu na sale, na namba yake ya simu iandikwe kwa rangi juu ya mlango, chini kidogo, pale anayekaa kwenye kiti anaweza kuisoma.